Msimmalizie Baba Tumpe

Tangu nistaafu naota darasa. Si ndoto za kutisha, hapana. Naota nimesimama mbele ya ubao, nimeuliza swali kwa Kiingereza, hakuna anayejibu, na mimi sina haraka. Nje kuna ukungu. Wanafunzi wamekaa na makoti yao, wengine nawajua, wengine wala sijawahi kuwaona, na wote wanatafuta neno. Naamka hapa kwangu Kihesa, kengele ya kanisa inalia, chai haijabandikwa, nami bado nasubiri jibu.

Vijana niliowaacha kazini waliniomba siku ya kuniaga: Madam, tuandikie mambo ya kazi. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara nao mnaujua, tuuache upumzike. Nitawaeleza jinsi kufundisha watu Kiingereza kulivyonifundisha kunyamaza, mimi ambaye nyumbani kwetu walikuwa wakiniita redio.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Shule ilikuwa Iringa mjini, kule juu ambako upepo wa asubuhi unataka kukuvua kitambaa, na mpaka nifike getini visigino vilikuwa vimeshanijutisha. Nikaingia Kidato cha Kwanza na chaki mpya mkononi. Nikamuuliza msichana wa dawati la mbele, "What is your name?" Akasimama. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Mimi hapo hapo nikamrukia: "My name is..." Naye akarudia kwa sauti nzuri kabisa, "My name is," akakaa. Darasa likapiga makofi. Jina lake nilikuja kulijua muhula unakaribia kwisha.

Aliyekuwa nyuma ya darasa siku hiyo ni Mwalimu Kibiki, mkuu wa idara yetu, mzee mwembamba mwenye koti la kahawia lililotiwa viraka kwenye viwiko. Kipindi kilipoisha alinisindikiza mpaka ofisini. Mlangoni akasema, "Mwanangu, unafundisha vizuri sana. Tatizo lako moja tu, unafundisha peke yako."

Nilikasirika, nisiwafiche. Kesho yake nikaenda kumtazama yeye, nione huo ufundi wake uko wapi. Akauliza swali moja, jepesi, juu ya mvua. Halafu akawageuzia wanafunzi mgongo, akaenda dirishani, akawa anatazama mawe ya kilimani na mawingu yanayopita juu yake. Nikadhani mzee amesahau. Watoto walitazamana, mmoja akakohoa, kimya kikawa kirefu mpaka mimi niliyekaa nyuma nikaona aibu kwa niaba yake. Kisha ikatoka sauti ndogo pembeni, inasema sentensi nzima ya Kiingereza, yenye makosa mawili na uhai wake wote. Mwalimu Kibiki akageuka taratibu kama mtu aliyeitwa jina. "Umesema kweli," akamwambia yule mtoto, na ndipo wakayaangalia yale makosa mawili.

Sisi idarani jambo hilo tuliliita kwenda dirishani. Ukimtazama mtu usoni wakati anatafuta neno, aliniambia, unamfanya akutafute wewe badala ya neno. Nilijaribu. Wiki za kwanza nilikuwa nikifika dirishani nauma ulimi. Wanaonijua wanaelewa mateso hayo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Redio ya kaseti ya idara, ambayo betri zake tulizianika juani zikichoka, na mkanda wa mazungumzo ya hotelini uliokuwa ukikokota mpaka mhudumu na mgeni wote wawili wanasikika wamelewa. Chaki za rangi alizifungia Mwalimu Kibiki kabatini kama dawa. Siku hizi mna simu, na simu inamsahihisha mtu kabla hajakosea. Sisemi ni mbaya. Nasema tu kwamba mtu aliyesahihishwa kabla hajakosea hajui alikuwa anataka kusema nini.

Baadaye mume wangu akahamishiwa Mbeya, nikamfuata, tukapanga Uyole. Kama hujakaa Uyole mwezi wa sita, ukungu hujauona. Unafungua mlango asubuhi, barabara kuu haipo. Unasikia malori yanapanda, unaona taa mbili za njano zinaelea, kisha mama mwenye gunia la viazi anatokea mbele yako, anakusalimia vizuri, na kufumba na kufumbua hayupo tena. Miaka ya mwanzo nilikuwa natembea nimenyoosha mkono mbele. Baadaye niliuzoea, nikaupenda, na mpaka leo nikifumba macho ndio ninaouona.

Huko ndiko nilikoanzisha darasa la watu wazima, Jumamosi asubuhi, katika chumba cha shule ya msingi karibu na soko. Madawati yalikuwa ya watoto, kwa hiyo wazee walikaa magoti yamefika kifuani. Alikuja dada wa mapokezi wa nyumba ya wageni. Alikuja dereva wa malori ya Zambia aliyetaka sentensi za kumwambia fundi gari linaumwa wapi, basi. Alikuja mfugaji kutoka Usangu, Msukuma mrefu, aliyetaka kusoma maandishi ya chupa za dawa za ng'ombe, akaniambia Kiingereza kingine chote nibaki nacho. Na alikuwepo afisa mmoja ambaye baruapepe zake zilianza na salamu, zikaulizia familia, zikaulizia mvua, na mpaka ufikie shida yake msomaji keshafunga kompyuta. Huyo nilimwambia salamu abaki nazo, ni adabu yetu, ila shida aitaje katika mstari wa kwanza. Alinitazama kama nimemwambia aingie ukweni bila kubisha hodi. Alijaribu, akajibiwa siku hiyo hiyo, akaja na mkungu wa ndizi.

Shida ya watu wazima ni huruma. Watoto mwenzao akikwama wanacheka. Wakubwa wanamsaidia, na huo msaada ndio balaa lenyewe. Mtu anaanza, "Yesterday I..." na kabla hajameza mate watu watano wameshampa neno, wanne kati yao wamekosea. Nikaweka sheria moja, nikaiandika ubaoni kwa Kiswahili kila Jumamosi: Hapa hatumaliziani. Mtu akikwama tunamwacha akwame. Tunaangalia nje. Kwa kuwa nje hapakuwa na kitu cha kuona ila ukungu, ilikuwa rahisi.

Ndipo akaja Baba Tumpe. Alikuwa mtunza ghala la mbegu kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, Mnyakyusa mpole mwenye mikono mikubwa na sweta la kijani. Siku ya kujiandikisha nikamuuliza jina. "A-a-a..." Kigugumizi kilimshika shingo, mishipa ikatoka. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akajibu, "Anaitwa Ambakisye, Madam, muite Baba Tumpe." Nikauliza anafanya kazi wapi, akajibu mwingine. Kwa nini anataka Kiingereza? "Kwa ajili ya kazi!" wakasema wote. Yeye alitabasamu tu, akaingia ndani.

Kwa Jumamosi kadhaa alikaa kimya. Kisha asubuhi moja nikauliza kila mtu aeleze kazi yake, nikaenda dirishani. Zamu ilipomfikia nikasikia sauti nzito, ya polepole, isiyokwaruza popote: "I am keeping the seeds. They are sleeping. In the time of rain, I wake them." Ninatunza mbegu. Zimelala. Wakati wa mvua, ninaziamsha. Niligeuka nikamtazama. Alikuwa ametulia kama maji ya mtungini. Sarufi ilikuwa na kasoro zake, nikaiacha kwanza, maana hata yule Msukuma wangu wa chupa za dawa alikuwa ameweka kalamu chini.

Nikajitapa, jamani. Nikawaambia walimu wenzangu Kiingereza kimemponya mtu kigugumizi. Nikamwambia na yeye mwenyewe siku tunatoka, tunatembea kuelekea barabarani ndani ya ule weupe, kila mmoja anaona viatu vyake tu.

"Hapana, Madam," akasema. Nikatazama mbele, nikamngoja. Malori mawili yalipita. "Si K-Kiingereza. Mle ndani wote tuna k-kigugumizi. Hata dereva. Kwa hiyo m-mnangoja."

Tukaendelea kutembea. Kisha akaniambia Tumpe, binti yake wa kwanza, anaolewa na kijana wa Iringa, wa hapa hapa Kihesa.

"Hongera! Basi tumekuwa wakwe."

"Siku ya s-sendofu baba anasema neno. Mimi nitasema Kiingereza. Wewe utafsiri."

Nikacheka kwa sauti. "Baba Tumpe! Hao ni watu wa kwetu, nawajua. Watasema Mnyakyusa huyu ametuletea maringo."

"Waseme."

"Si useme Kiswahili tu, taratibu? Watu watakusubiri."

Safari hii alicheka yeye. Akaniambia nyumbani kwake hajawahi kumaliza sentensi ndefu. Mdogo wake Gwakisa, mzee wa kanisa, anammalizia. Mkewe anammalizia. Tumpe mwenyewe, tangu alipoanza kusema, anammalizia. "Wananipenda," akasema.

"Na huwa wanapatia?"

"Mara nyingi wanapatia." Akasimama. Sura yake niliiona nusu tu. "Mara m-moja hawakupatia."

Hiki ndicho alichonieleza, kwa muda mrefu, na mimi nikitazama ukungu. Dada yake mkubwa, Atupele, aliolewa mbali. Akarudi nyumbani na mtoto mgongoni na jicho limevimba. Wazee wakakaa, kila mwanamume wa ukoo akaulizwa neno lake. Ilipofika zamu ya Ambakisye, kijana wakati huo, akaanza: "Mimi nasema dada yangu a-a-a..." Mjomba akadakia, "Arudi kwa mumewe! Haya, hata mdogo wake amesema arudi." Wakahamia kwa mwingine. Yeye alitaka kusema abaki. Mpaka neno litoke, watu walikuwa wameshainuka na Atupele anafunga kanga. Alikaa kule mpaka mumewe alipofariki. Sikio lake la kushoto halisikii.

"Amewahi kukuuliza ulitaka kusema nini?"

"Hajawahi."

Basi nikajua anachotaka kumwambia Tumpe. Ninyi mmehudhuria sendofu, sherehe za kumuaga binti kwao, mnajua. Baba anasimama mbele ya pande mbili, anamkabidhi binti, anamwambia mwanangu ndoa ni uvumilivu, vumilia. Watu wanapiga vigelegele, keki inakatwa. Sijawahi kusikia baba akimwambia binti, mbele ya wakwe, kwamba akishindwa arudi. Nikamwambia wazi: wakwe wanaweza kuinuka wakaondoka. Amwambie binti yake jikoni, wawili tu.

Akatikisa kichwa. "Nikimwambia jikoni, siku akirudi w-wazee watakaa tena. Nataka wasikie sasa. Wote."

Tukafanya mazoezi. Kila Jumamosi, baada ya wengine kuondoka, alisimama mbele ya madawati matupu akasema maneno yake ya Kiingereza, nami nikatafsiri kwa Kiswahili. Shukrani kwa wageni. Utoto wa Tumpe, alivyokuwa akilala juu ya magunia ya mbegu akimngoja baba yake atoke kazini. Kisha lile neno. Kila nikilifikia nililainisha kidogo: mwanangu, nyumbani mtakaribishwa daima. Aliniacha nimalize, halafu akasema, "No, Madam. Again." Nikarudia.

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa hapo hapo Uyole, umefungwa vitambaa vya zambarau na dhahabu, taa zinazunguka, nje ukungu umeegemea vioo. Ndugu zangu wa Iringa walikuwa wamekaa upande wao, wamevaa sare, salamu za "kamwene" zikirushwa meza kwa meza. Upande wa pili Wanyakyusa, na katikati yao shangazi Atupele, kitambaa cheupe kichwani, amegeuza sikio lake zima kuelekea jukwaani. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria.

MC akaita neno la baba. Baba Tumpe akasimama na maiki, mimi pembeni na ya kwangu. Akaanza kwa Kiingereza. Kicheko kikapita ukumbini, mama mmoja wa upande wetu akasema, "Yallah, mkwe mzungu!" na simu zikainuka zote kurekodi. Yeye hakuyumba. Sentensi baada ya sentensi, nzito, nzima. Nikatafsiri shukrani, wakapiga makofi. Nikatafsiri magunia ya mbegu, Tumpe akaanza kufuta macho. Mke wake Baba Tumpe alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Nadhani hakuwahi kusikia sauti ya mumewe ikienda mbali hivyo bila kusimama.

Kisha tukafika. Nikamwona anavuta pumzi kwa ajili ya lile neno, na mimi, Mungu anajua, maneno ya kulainisha yalikuwa yameshanifika ulimini. Akanitazama. Akatazama maiki yangu. Halafu akamgeukia Tumpe, akaanza kwa Kiswahili.

"Tumpe, mwanangu. Uki... ukishi..."

Kigugumizi kikamkaba. Mishipa ikatoka shingoni, kidevu kikawa kinatetemeka. Ukumbi mzima ukamwonea huruma, unaweza kuisikia huruma ya watu wengi ikijikusanya. Na mdogo wake Gwakisa, kwa upendo wote, akainuka kwenye kiti chake akapaza sauti: "Ukishindwa, uvumilie!"

Vigelegele! DJ akafungulia muziki. Watu wakasimama wanacheza, MC akaja anacheka, mkono ameshaunyoosha kupokea maiki. Hapo nilitaka kulia. Nikasema imekwisha, wamemmalizia tena.

Baba Tumpe hakutoa maiki. MC akaivuta kidogo, kwa adabu. Hakuitoa. Akasimama hivyo hivyo na sweta lake la kijani chini ya suti, mpaka DJ akaona kuna jambo, akapunguza, akazima.

"Hapana," akasema. Likatoka safi kama lilivyoandikwa. "S-sijamaliza."

Watu wakakaa. Gwakisa alibaki amesimama, mdomo wazi, akijiandaa kusaidia. Nikaona mkono unamshika koti kutoka nyuma, unamshusha kitini. Ulikuwa wa Atupele.

Baba Tumpe akaanza upya, na neno likakwama pale pale. Sasa hakuna aliyesema kitu. Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka jenereta ikinguruma nje, mtoto mmoja akiuliza na kunyamazishwa, mama mkwe wa Kihesa ametazama meza. Tumpe alikuwa amemkazia baba yake macho, midomo yake ikitaka kusema kwa ajili yake kama alivyozoea tangu utotoni, naye akaibana kwa meno. Ukungu kwenye vioo. Tukangoja.

"Ukishindwa," akasema, "rudi n-nyumbani. Usiombe ruhusa. Mimi n-ndiye nitakayefungua."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Wakwe hawakuinuka, ingawa mzee mmoja wa kwetu alikunja uso, na mama mkwe, aliyekuwa akitazama meza, akaendelea kuitazama huku akitikisa kichwa taratibu, ndiyo, ndiyo. Tumpe alikuwa ameshamfikia baba yake, amejificha kifuani mwake.

Shangazi Atupele akasukuma kiti. Akapita katikati ya meza, hana haraka, watu wakimpisha, mpaka akasimama mbele ya mdogo wake. Kisha akaushika ule mkono mkubwa uliokuwa bado na maiki, kwa hiyo sote tulimsikia.

"Kumbe hicho ndicho ulichotaka kusema siku ile," akasema, kisha akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, mdogo wangu. Ndaga fijo."